Gumzo la Ukoo: Mkate wa Wimbi kwa Jiko la Makaa

Mama Neema (Nakuru): Nawasalimu nyote katika kikundi, nikianza na Kukhu, nyanya yetu, kisha mashangazi, mjomba na binamu zangu. Nina ombi la upishi. Hapa Nakuru nimepata sokoni wimbi zuri jekundu, na wanangu wanalipenda likiwa uji, lakini nikilisonga ugali wanausogeza kando na kuomba ule mweupe. Nimewaza kuwaokea mkate wenye wimbi ndani yake, mkate ambao wataula kwa sababu ni mtamu wala si kwa sababu mama ameamuru. Sina oveni. Nina jiko la makaa na sufuria mbili nzito, kubwa na ndogo. Je, jambo hili linawezekana, na nianzie wapi?

Shangazi Kisumu: Linawezekana kabisa, mwanangu, na namna ulivyouliza imenifurahisha, kwa maana siku hizi naona wimbi likitendewa kama dawa. Mtu huambiwa kliniki kwamba damu yake imepungua, akaenda kununua wimbi na kulimeza akiwa amekunja uso, ilhali sisi tulikuzwa tukijua kwamba ugali wa wimbi ndio unaopakuliwa wakwe wanapofika. Faida zake nazijua vyema: gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, kiasi ambacho ngano na mahindi hayakikaribii hata kidogo. Lakini mtoto havutwi na kalsiamu. Mvute kwa harufu ya mkate unaotoka motoni, na hayo mengine yataingia mwilini bila kutangazwa.

Sasa nikujibu. Wimbi halina gluteni, yaani ile protini ya ngano inayovutika na kuzuia hewa ndani ya kinyunya, kwa hiyo mkate wa wimbi tupu hauumuki. Hupasuka juu na kumomonyoka ukikatwa. Chukua vikombe vitatu vya unga wa ngano kwa kikombe kimoja cha unga wa wimbi. Wako wanaoweka nusu kwa nusu, na mimi nimeula mkate wa namna hiyo, lakini kwa watoto wanaoanza siushauri.

Mjomba Njoro: Mama Neema, kuhusu hiyo ngano naomba niseme neno, kwa kuwa ndiyo tunayoishi nayo huku. Ngano imelimwa Njoro tangu wakati wa walowezi mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kituo cha utafiti wa mbegu za ngano kiko papa hapa, kwa hiyo usiridhike na pakiti ya dukani peke yake. Nunua ngano nzima kutoka kwa mkulima, uichambue, kisha uipeleke poshomili isagwe pamoja na kapi na kiini chake. Unga huo una ladha ambayo ule mweupe umepokonywa. Saga kidogo kidogo tu, wa kutumia wiki mbili au tatu, kwa sababu kiini cha ngano kina mafuta, na mafuta hayo yakishasagwa na kukutana na hewa huanza kuchacha na unga ukawa na uchungu.

Hata hivyo sikushauri uuache kabisa unga wa pakiti. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa katika pakiti kuuongezea vitamini na madini, yakiwemo ya chuma na zinki, ambayo unga wa poshomili hauongezewi. Mimi huchanganya kikombe kimoja na nusu cha ngano nzima na kikombe kimoja na nusu cha unga mweupe, na mkate huumuka vizuri kuliko ukiweka ngano nzima peke yake, kwa sababu vipande vya kapi hukatakata ule mvutano wa kinyunya.

Binamu Kakamega: Nawasalimu wote. Kukhu yuko hapa kando yangu, nimemsomea kila kilichoandikwa, na ameniagiza niandike maneno yake kama alivyoyasema.

"Mjukuu wangu, kabla ya kuuliza habari za kuoka, uliza wimbi lako limeoshwa na nani. Wimbi la sokoni hupurwa chini, na chembe zake ni ndogo kiasi kwamba mchanga hujificha ndani yake hata ukipepeta kwa ungo. Nunua chembe nzima, usinunue unga. Zipepete, kisha uzitie katika beseni la maji, uzizungushe kwa mkono, na umimine wimbi pamoja na maji katika beseni la pili polepole. Mchanga ni mzito, utabaki chini. Rudia mpaka chini ya beseni pasisikike mkwaruzo. Lianike juani juu ya mkeka, ulifunike kwa kitambaa chepesi kuku wasiliparure, na likikauka ulikaange kidogo katika chungu kisicho na mafuta mpaka nyumba ianze kunukia. Hapo ndipo ulipeleke kusagwa. Mtoto anayelikataa wimbi mara nyingi analikataa kwa sababu ya mchanga, na watu wazima wanadhani ni rangi."

Mama Neema (Nakuru): Kukhu, asante sana. Hilo la mchanga sikulifikiria kamwe, na sasa nakumbuka mdogo wao husema ugali huo "unakwaruza". Shangazi, naomba vipimo vilivyobaki. Pia huku kwetu jioni ni baridi, na jirani yangu ananiambia kwamba mkate hausimami vizuri mahali pa juu kama hapa.

Shangazi Kisumu: Anza na wimbi. Chemsha kikombe kimoja na nusu cha maziwa, uyaache yawe vuguvugu, kisha utie kile kikombe cha unga wa wimbi ndani yake, ukoroge na ufunike kwa nusu saa. Usiiruke hatua hii hata ukiwa na haraka. Unga wa wimbi hunywa maji polepole, na usipopewa nafasi ya kunywa kabla ya kukandwa utanyonya unyevu wa mkate ukiwa motoni, nao utakuwa mkavu siku ya pili. Baada ya hapo tia vijiko viwili vidogo vya hamira kavu, vijiko viwili vikubwa vya asali au sukari, kijiko kidogo kimoja cha chumvi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, na vile vikombe vitatu vya ngano. Kinyunya kitakunatia vidoleni mwanzoni kuliko cha chapati. Usikimbilie kuongeza unga. Paka mikono mafuta na uendelee kukanda kwa dakika kumi, nacho kitatulia chenyewe.

Kuhusu baridi na kimo, jirani yako ana sehemu ya haki. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ikipungua gesi ya hamira hupanuka kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kinyunya kinaweza kupanda haraka kisha kikaporomoka. Baridi kwa upande wake huichelewesha hamira. Kwa hiyo usitazame saa, tazama kinyunya: kikiwa mara mbili ya kilivyokuwa, kimefika, iwe ni saa moja au mbili. Ukiweka bakuli ndani ya sufuria iliyofunikwa yenye maji ya moto kidogo chini yake, mbali na upepo, baridi haitakusumbua. Kimo hicho hicho ndicho kinachofanya maharagwe yako yachelewe kuiva kuliko yangu hapa Kisumu, kwa kuwa maji kwenu huchemka kwenye nyuzi zipatazo 94 tu.

Mama Mdogo (Vihiga): Samahanini, nilikuwa natoa mikate motoni. Mama Neema, sehemu ya moto niachie mimi, kwa sababu ndiyo inayowatisha watu wengi na kumbe ndiyo yenye raha kuliko zote.

Chukua ile sufuria kubwa na utandaze mchanga safi, mkavu, wa unene wa vidole viwili chini yake. Iweke jikoni ipate moto kwa robo saa ikiwa imefunikwa. Wakati huo kinyunya chako kitakuwa kimekandwa kidogo mara ya pili na kulazwa ndani ya sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, kikipanda kwa mara ya mwisho kwa muda wa nusu saa. Ingiza sufuria ndogo ndani ya kubwa, juu ya mchanga, bila kuitikisa. Sasa punguza makaa chini, uache machache tu, na uyahamishie juu ya mfuniko yale yaliyokolea, uyapange ukingoni zaidi kuliko katikati. Wanaoanza huweka moto mwingi chini, kwa mazoea ya kupika wali na mboga, na mkate ukaungua kitako ukiwa bado mbichi kifuani. Mkate unataka joto liujie kutoka juu. Mfuniko uwe bapa, wa chuma, usio na kishikio cha plastiki.

Usifunue kabla ya dakika thelathini. Baada ya hapo fuata pua yako: harufu ya hamira ikitoweka na harufu ya nafaka ikajaa uwanja, umekaribia. Kwa kawaida ni dakika arobaini hadi hamsini. Utoe, uupindue, uugonge kitako kwa kidole. Ukitoa mlio wa uwazi umeiva, ukitoa mlio mzito urudishe kwa dakika chache. Kisha mvumilie mpaka upoe, najua ni vigumu watoto wakiwa wamesimama hapo, kwani ukikatwa moto huganda ndani kama unga mbichi.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: jiko hilo liwe nje au mlangoni palipo wazi. Makaa hutoa gesi isiyo na harufu, nayo huua watu ndani ya nyumba zilizofungwa kwa ajili ya baridi.

Mama Neema (Nakuru): Mama Mdogo, nimekuelewa, na uwanja tunao. Mkate huu nauona nikiuandaa pia jioni, badala ya ugali, siku ya mboga za kienyeji. Je, utapatana na saga?

Shangazi Kisumu: Utapatana sana, hasa saga lililolazwa na maziwa. Uchachemshe uchungu wake utoke kidogo, umwage maji ya kwanza ukiona ni makali mno, kisha utie maziwa yenye malai na uache mboga ijipike kwa moto mdogo. Uilaze mpaka kesho yake mahali pa baridi, uipashe moto mpaka ichemke, na utaona kwamba uchungu umegeuka kuwa ladha tulivu inayodai kipande kingine cha mkate. Malai hayo hayapo kwa utamu tu, kwani karotini ya mboga za majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta. Asiye na maziwa atumie njugu za kusagwa. Wala usitie magadi, tafadhali. Magadi huiharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B ndani ya sufuria, kabla mboga haijafika mezani.

Binamu Kakamega: Kukhu amelisikia hilo la magadi na ameniambia niandike upesi.

"Mwanangu wa Kisumu, mrenda usiotiwa munyu hauivi kinavyotakikana. Mimi huchoma maganda ya maharagwe, nachuja majivu yake kwa maji, na kijiko kimoja tu cha maji hayo kinatosha sufuria nzima. Mrenda wako hutiwa nini?"

Shangazi Kisumu: Mama, kwa mrenda nakubali, kwa sababu munyu wako ni kidogo na mrenda bila huo haulainiki wala hauvutiki inavyopasa. Kwa saga na managu bado naomba uniruhusu nikatae. Hizo huiva zenyewe kwa maziwa, na majani yake ni mororo yakichumwa mapema.

Binamu Kakamega: Kukhu amecheka na kusema amekuruhusu. Nami niongeze kwa niaba yangu mwenyewe kwamba haya tunayoyaandika hapa yana uzito kuliko tunavyodhani. Mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha kazi iliyofanywa Kenya ya kuendeleza vyakula vya kiasili miongoni mwa mifano bora ya kuhifadhi urithi. Mboga ambazo baadhi yetu tulizionea aibu shuleni, tukiziita chakula cha maskini, ndizo zilizopelekwa mbele ya dunia. Ningependa wanafunzi wangu wajue kuziosha, kuzichambua na kuzipika, wala si kuzitaja tu katika mtihani.

Mjomba Njoro: Umesema kweli, mwalimu. Nami nitoe ombi dogo: chai isiandamane na mkate huo saa ile ile kwa mtoto mwenye upungufu wa damu, kwa sababu chai hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma. Wape uji, maziwa lala, au chungwa pembeni, na chai ije baadaye.

Mama Neema (Nakuru): Nitafanya hivyo. Jumamosi asubuhi nitaosha wimbi na kulianika, na jua la Nakuru likiwa kali nadhani jioni litakuwa tayari kwa chungu. Kinachobaki ni ngano ya kusaga, kwa kuwa hapa sokoni nimeona iliyochanganywa na mawe.

Mjomba Njoro: Usinunue hiyo. Nitaichambua kilo tano nyumbani na kuituma kwa matatu ya kwanza siku hiyo hiyo, ikiwa na jina lako juu ya mfuko. Nitakupigia simu gari likiondoka, umtume mtu mapema aipokee stejini.

Mama Mdogo (Vihiga): Na ukishauoka, tafadhali ukate mmoja katikati ukiwa umepoa, utupigie picha ya ndani. Juu mikate yote inapendeza. Ndani ndiko nitakakojua kama makaa ya chini yalizidi.