Je, shahada ya sheria pekee inatosha kuwa wakili Tanzania?

Swali: Habari zenu, ndugu. Mdogo wangu amechaguliwa kusoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baba anaamini kwamba baada ya miaka minne atavaa joho na kusimama mahakamani. Je, ndivyo ilivyo?

Jibu la 1: Hongereni sana. Shahada ni hatua ya kwanza tu, kwani kutokana na sheria ya mwaka 2007 mhitimu anayetaka uwakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambako hujifunza kuandaa hati za madai na kuhoji mashahidi, na akifaulu ndipo huomba kuapishwa na Jaji Mkuu.

Jibu la 2: Naongezea jambo linaloniuma. Darasani tulifundishwa kwa Kiingereza, ilhali tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Nikiwa mazoezini nilikaa jioni nzima na hati moja, kalamu mkononi, hadi karani mmoja aliponitajia maneno ya Kiswahili niliyokuwa nikiyatafuta: “pingamizi la awali”, yaani hoja ya kisheria inayotolewa kabla kesi yenyewe haijasikilizwa. Mdogo wako aanze mapema kusoma hukumu za Kiswahili.

Muuliza swali: Nashukuru. Nitamweleza baba leo, na suala la ada tulipange mapema.