Naomba ushauri: Scribus 1.6 au 1.7 kwa jarida la kikundi?

Habarini wadau. Mimi hupanga kurasa za jarida la kikundi chetu cha akina mama hapa Kayole, nalo huchapishwa mjini, River Road. Natumia Scribus, programu ya kupanga kurasa, kwenye Linux, toleo la 1.6 lililotoka Januari 2024.

Dada ninayesaidiana naye amehamia 1.7 kwa sababu ya sura yake mpya, na kusema kweli inapendeza. Tatizo ni kwamba kwa Scribus namba ya pili ikiwa shufwa, kama 1.4 au 1.6, hilo ni toleo thabiti. Ikiwa witiri, ni la majaribio. Na faili ukishaihifadhi kwenye 1.7, 1.6 haiifungui tena. Yaani akigusa kurasa, mimi nimefungiwa nje.

Nimejaribu AppImage ya 1.7 (faili moja inayoendesha programu bila kuisakinisha) bila kuondoa 1.6, nikatumia nakala ya jarida la mwaka jana. Ilifunguka sawa, PDF ikatoka. Lakini jarida moja si kipimo, na karatasi ikishapita kwenye mashine, pesa za wanachama zimeenda.

Maswali yangu: kuna yeyote hapa anayepeleka kazi ya kulipiwa kwa mpiga chapa kutoka 1.7, na rangi za CMYK (zile nne za wino wa uchapishaji) zikatoka sawasawa? Na tukiamua kubaki 1.6 sote wawili, kuna njia ya kuokoa kurasa alizokwisha kufanya huyu dada, au itabidi azipange upya? Tafadhali nisaidieni kabla hatujaanza toleo lijalo la jarida.