Nimekwama Luka 19: ile "mara nne" ya Zakayo inatuhusu na sisi?

Ukungu wa Alfajiri (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtu mzima wa miaka 37, nina mke na watoto wawili, naishi Mbeya mjini, Mmoraviani wa kuzaliwa. Januari mwaka huu niliamua kuisoma Biblia mwenyewe, siyo kusubiri Jumapili nisomewe. Naamka saa kumi na moja alfajiri, najifunika blanketi (baridi ya huku mnaijua), nasoma sura moja kila siku kuanzia Mwanzo.

Ukweli ni kwamba mwanzoni sikuwa naambulia kitu. Macho yanapita juu ya mistari kama mtu anayesoma matangazo ya vifo ya watu asiowajua. Nikifunga kitabu, ukiniuliza nimesoma nini sina jibu.

Sasa nimefika Luka 19, habari ya Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu, na hapo nimekwama wiki ya tatu. Mstari wa 8 anasema: "nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Ninaomba wajuvi mnisaidie. Hiyo mara nne ni amri kwetu Wakristo au ni uamuzi wake yeye Zakayo? Na mtu akitoa kanisani badala ya kumrudishia mhusika, si imehesabika tu?

Nauliza kwa ajili ya kuelewa. Karibuni.

Mama Tumaini

Hongera kwa kuamka saa kumi na moja. Tatizo lako ni kuanzia Mwanzo. Ukifika Walawi lazima ulale. Anza na Marko, sura 16 tu, halafu Zaburi moja kila usiku. Uwe na daftari. Mimi naandika kitu kimoja tu nitakachokifanya siku hiyo kutokana na nilichosoma. Juzi niliandika "nitamsalimia jirani wa kushoto." Nilimsalimia. Hakuitika, lakini niliandika.

Fundi wa Ilomba

Unasoma toleo gani? Kama ni Union Version ile ya 1952, Kiswahili chake ni cha pwani ya zamani, sisi wa milimani tunakwama. Chukua Habari Njema, utaelewa bila kamusi.

Mzee Kahawa

@Fundi wa Ilomba acha kuharibu watu. Union ndiyo yenye utamu. "Enenda zako" na "nenda zako" hazifanani hata kidogo.

Fundi wa Ilomba

Utamu bila kuelewa ni kama kutafuna bigijii mzee wangu.

Shangazi wa Makambako

Mnagombania toleo, mmeacha swali. Mwanangu Ukungu, mtu hakwami wiki tatu kwenye mstari mmoja "kwa ajili ya kuelewa." Umemchukulia nani kitu?

Ukungu wa Alfajiri

Shikamoo shangazi. Hapana, ni mambo ya kawaida ya biashara. Kila mtu aliye sokoni anayafanya. Ningependa tubaki kwenye andiko.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Nipo Iringa, nimefundisha mafundisho ya kipaimara miaka mingi, nichangie kidogo.

Torati haina kiwango kimoja. Kutoka 22:1, mtu akiiba ng'ombe akamchinja au akamuuza atalipa ng'ombe watano, na kondoo atalipa wanne. Huyo ni mwizi aliyebambwa. Lakini Walawi 6 mwanzoni, na Hesabu 5:7, zinamzungumzia mtu aliyedhulumu kisha akakiri: atarudisha kitu chote kamili na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Sasa angalia. Zakayo hakukamatwa na askari. Alikuwa mwenyewe, tena amefurahi, mgeni yuko nyumbani kwake. Sheria ingemtoza kamili na moja ya tano. Akajitoza mwenyewe kama mwizi wa kondoo. Mimi hapo ndipo naiona nguvu ya habari ile kuliko pale kwenye mkuyu tunapopapenda kwa sababu watoto wanapaimba.

Na kuhusu kanisani badala ya mhusika, soma Mathayo 5:23 na 24. Sadaka inaachwa palepale mbele ya madhabahu, unaenda kupatana kwanza.

Kiazi Mbatata

Nimekaa paleee nasubiri "mambo ya kawaida ya biashara" yafunguke. Popcorn ziko jikoni.

Abuu Rajabu

Samahani kwa kuingia kwenye uzi wa ndugu zangu Wakristo. Na sisi tuna sura nzima juu ya hili, ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa "ole wao wapunjao." Wakipimiwa wanataka kijae, wakipima wao wanapunguza. Nimefanya kazi ya ghala Makambako miaka minne, kila nikiona gunia limejazwa kupita mdomo, linashonewa kichwa juu, nilikuwa naikumbuka. Ila sikuacha kazi, siwezi kudanganya.

Shangazi wa Makambako

Ahsante Abuu, umelitaja gunia. Ukungu, ni viazi?

Ukungu wa Alfajiri

Sawa. Ni viazi.

Mimi ni dalali wa viazi mviringo. Wakulima wa huku juu wananipa mzigo, napakia kwenye Fuso, nauza, natuma hela. Lumbesa, hayo magunia ya kichwa, nimefanya kama wote. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, mnajua wenyewe gunia likishonewa kichwa linafika wapi, na mkulima analipwa gunia moja. Hilo sikulianzisha mimi. Mnunuzi wa mjini hapokei gunia lisilo na kichwa.

Ila kuna mkulima mmoja nilizidisha. Nilikuwa nauza 65,000, yeye namwambia soko limeshuka, limekwenda 52,000. Gunia 40. Basi.

Na tayari nimelifanyia kazi. Kanisani tunaezeka, mwezi uliopita niliahidi laki sita za mabati, nikazitoa zote siku ileile. Watu walipiga makofi. Kwa hiyo hela hiyo imeshatoka mikononi mwangu, sijakaa nayo. Ndiyo maana nauliza kama imehesabika.

Katekista Mstaafu

13,000 mara 40 ni 520,000. Ongeza sehemu ya tano, 104,000. Jumla 624,000. Mara nne ni 2,080,000. Mabati hayapo kwenye hesabu hii.

Mama Tumaini

Jamani mabati tena 😭 Mimi kwetu kuna mtu alikula hela ya kikoba chetu, tulikuwa wanawake kumi na nane, halafu akanunua viti vya plastiki vya kanisa. Kila nikiingia ibadani nakalia hela yangu. Nilihama benchi zote, nikaishia kusimama nyuma na wenye watoto wachanga. Mchungaji akaniuliza kama nina mimba.

Kiazi Mbatata

"Nakalia hela yangu" 😂😂 nimelia.

Ndondo ya Rungwe

Tatizo la kizazi hiki ni kutaka Biblia ijibu kama mashine ya kutolea pesa. Sisi Wamoraviani tuna kitabu cha maneno ya kila siku, kimechapwa tangu 1731 kule Herrnhut, Ujerumani, na andiko la kila siku linachaguliwa kwa kura. Kura kabisa, vikaratasi. Wamisionari walipofika Rungwe 1891 walikuja na tabia hiyo. Babu yangu hakuwahi kusoma sura nzima kwa siku hata mara moja. Mstari mmoja asubuhi, anakwenda nao shambani kwenye migomba, anarudi nao jioni, anatuuliza: umefanya nini na neno la leo? Ukijibu "nimelielewa" anakasirika. Hakuuliza kuelewa. Ndaga.

Hesabu Haidanganyi

Samahani kwa kuharibu ibada, lakini hamjashtuka?

Mleta mada anasema alianza Januari, sura moja kila siku, kuanzia Mwanzo. Agano la Kale la Waprotestanti lina sura 929. Mathayo 28, Marko 16, halafu Luka 19. Hiyo ni siku ya 992. Sura moja kwa siku, Luka 19 anaifikia mwaka wa tatu. Biblia yote ina sura 1,189, hata anayesoma tatu kila siku na tano Jumapili anamaliza kwa mwaka. Huyu yuko Luka kabla mwaka haujaisha.

Hii ni chai. Tena ya maziwa. Mtu ameketi kijiweni anatunga.

Kiazi Mbatata

Weeeh! Sukari vijiko vingapi?

Fundi wa Ilomba

Nilijua. Dalali wa viazi gani ana muda wa blanketi saa kumi na moja, saa hizo wanagombania mzigo.

Mzee Kahawa

Mimi niliamini hadi mabati. Hapo pamekaa kama mahubiri ya redio.

Shangazi wa Makambako

Nyie subirini. Ukungu, Mwanzo umefika sura ya ngapi?

Ukungu wa Alfajiri

Nimetaka kufuta uzi. Acha nijibu.

Nilikomea Kutoka 22. Sikuifika Luka kwa mpangilio, hapo nilidanganya, sikutaka kueleza nimeifikaje.

Yule mkulima ni mama mdogo wangu. Mdogo wake mama yangu aliyemfuata. Yupo kijijini juu ya Isyonje, ananilimia viazi ekari mbili. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilipia ada kidato cha tatu na cha nne, kwa viazi hivyohivyo. Sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni kusoma. Kila nikipanda kuchukua mzigo ananipa Biblia yake nimsomee. Anakaa kwenye kigoda karibu na jiko, amejitanda kitenge, ananiambia anachotaka. Siku hiyo akasema, "Nisomee ya yule mfupi."

Nikaanza. Yeriko, mkuyu, "shuka upesi." Nikafika wa 7, watu wananung'unika. Nikauona wa 8 unakuja. Nikaruka. Nikasoma wa 9, "Leo wokovu umefika nyumbani humu."

Akanyamaza kidogo. Alikuwa anamenya kiazi kwa kupapasa, kisu kikasimama. Akasema, "Mwanangu, umeruka."

Nikasema macho yamepitiliza, mwanga ni mdogo. Akasema, "Haya." Akaendelea kumenya. Hakuniomba nirudie.

Wiki tatu sasa. Swali langu lenyewe ni hilo. Anajua, au alisahihisha tu kwa sababu anakijua kitabu?

Hesabu Haidanganyi

...

Sawa. Kutoka 22 ndiyo sura ya kulipa kondoo wanne. Nilitegemea useme 40 au 50. Naondoa chai yangu, ila kikombe nabaki nacho.

Mzee Kahawa

Mimi bado. Kipofu ajue mstari umerukwa?

Ndondo ya Rungwe

Wewe hujaishi na wazee wa huku. Bibi yangu alikuwa anamsahihisha mchungaji kwa kukohoa.

Mama Tumaini

Anajua. Madereva wa Fuso wanaongea bei kila kijiji wanachosimama. Mwanamke anayelima viazi miaka yote hiyo hajui bei ya mjini? Anajua hata ulichokula.

Ukungu wa Alfajiri

Kama anajua mbona anaendelea kunipa mzigo?

Shangazi wa Makambako

Hilo ndilo ungekwama nalo wiki tatu, siyo mara nne.

Dar Kwetu

Samahani wakuu nimechelewa. Mleta mada viazi kwa sasa vinauzwaje? Nina vibanda vya chipsi viwili Tandika.

Ukungu wa Alfajiri

Jumamosi napanda. Nimetoa 624,000. Nimeonelea ya Walawi, kamili na sehemu ya tano, kwa sababu katekista amesema hiyo ndiyo ya anayekiri mwenyewe bila kukamatwa. Nitampa kwenye bahasha, nitamwambia ni za mbolea, msimu ukikaa vizuri nitaongeza. Sioni haja ya kumuumiza mtu mwenye macho mabovu kwa maneno mengi.

Katekista Mstaafu

Mdogo wangu, Walawi ni ya anayekiri. Umesema bahasha ya mbolea. Hapo kukiri kuko wapi? Umechukua bei ya Walawi ukaacha Walawi yenyewe.

Kiazi Mbatata

Amelipunja hata andiko 😂 lumbesa ya Torati.

Ukungu wa Alfajiri

Mnaona rahisi kwa sababu siyo mama yenu. Milioni mbili sina. Mabati siwezi kuyang'oa. Na mke wangu hajui hata moja ya haya.

Abuu Rajabu

Usiseme mbolea. Hilo tu.

Ukungu wa Alfajiri

Jumamosi, saa nne asubuhi. Nipo Isyonje, ukungu umeshuka hata barabara haionekani, bodaboda amegoma kupanda mpaka uinuke. Bahasha ipo ndani ya koti. Nimekaa kibandani kwa muuza chai (cheka tu Hesabu). Nimeisoma tena wa 7, wa 8, wa 9, kwa sauti ndogo ili nisije nikaruka tena. Mama wa kibanda ameniuliza kama mimi ni mwinjilisti.

Shangazi wa Makambako

Umemjibuje?

Mama Tumaini

Ukungu? Ulifika?

Hesabu Haidanganyi

Siku ya tatu hii kimya.

Dar Kwetu

Mkuu ukirudi hewani nicheki PM, nahitaji gunia 30. Zisizo na kichwa tafadhali, nitalipa kwa kilo.