Waandaaji wa chesi mtandaoni Arusha na Moshi, mtoano umetuchosha!

Wakuu, salaam. Nimejizuia tangu Jumamosi, leo nimeshindwa.

Nimelipa kiingilio 5,000. Nimejifungia chumbani Sombetini, nyumbani nimewaaga kabisa kwamba mpaka saa 4 usiku nisiitwe. Tuko 32, wengine Arusha wengine Moshi, dakika kumi kila mmoja, mtoano. Saa 2 kamili tunaanza. Niko juu kwa farasi mzima, jamaa anahangaika, mara umeme unakatika mtaa mzima. Mpaka nahamia data ya simu na kuingia tena, muda wangu umekwisha. Nje! Mechi moja, saa 2 na robo nimeshamaliza mashindano. Nikamwandikia mratibu, akanijibu neno moja: "Sheria." Mpinzani wangu simlaumu, naye alikaa akasubiri saa yangu iishe kama mtu yeyote. Ninaowalaumu ni nyie mnaopanga.

Kwa nini kila shindano ni mtoano? Mwezi uliopita mtoano, juzi mtoano, na tangazo jipya limetoka jana: mtoano, kiingilio kimepanda hadi 7,000. Raundi ya kwanza tu watu 16 wanarudishwa nyumbani, nusu nzima ya waliolipa. Na droo mnaipiga bila kuangalia viwango. Jumamosi wachezaji wawili ambao sote tunajua ndio wakali wetu walikutana raundi ya kwanza. Dada mmoja wa Rau, anayetufunga wengi humu, akatoka saa ileile niliyotoka mimi. Halafu fainali mnatuletea watu waliopita kwa ushindi wa mezani kwa sababu wapinzani wao waliishiwa bando.

Mratibu anasema mtoano unaokoa muda. Hapo ndipo damu inaponichemka, kwa sababu si kweli. Hesabuni na mimi. Watu 32 wanabaki 16, wanabaki 8, wanabaki 4, wanabaki 2, anapatikana bingwa: raundi tano. Mfumo wa Uswisi, ambao kila mtu anacheza raundi zote, kwa watu haohao 32 ni raundi tano. Tano kwa tano! Tena mtoano ndio unachelewa zaidi, maana ikitoka sare lazima mrudiane mpaka mmoja afungwe, na wengine wote wanasubiri. Kwa Uswisi, sare ni nusu pointi kwa kila mmoja, mnasonga mbele. Mtoano unawapa watu 32 mechi 31 kwa jumla. Uswisi unawapa mechi 80, na kila aliyelipa anacheza tano. Kila raundi unapangwa na mwenye pointi kama zako, hamrudii mpinzani, hakuna anayetolewa. Sare zisipokuwepo, baada ya raundi tano atabaki mtu mmoja tu aliyeshinda zote. Bingwa wenu huyo hapo, hajapotea. Na jambo lenyewe si la jana, lilianza kutumika Zurich mwaka 1895. Hata mashindano ya dunia ya League of Legends, ule mchezo wa kompyuta, yaliuingiza mwaka 2023: timu 16, ukishinda tatu unapita, ukifungwa tatu unatoka.

Msiniambie hakuna programu ya kupanga. Lichess, tovuti ya chesi, ni bure, haina hata matangazo, na Uswisi umo ndani yake. Humohumo kuna Arena, ambayo naona ndiyo inayotufaa sisi wa umeme wa kubahatisha. Mnaweka muda, tuseme dakika 90. Ukimaliza mechi unapangiwa nyingine papo hapo. Kushinda pointi 2, sare 1. Ukishinda mbili mfululizo, kuanzia ya tatu pointi zinahesabiwa mara mbili mpaka ukose kushinda. Umeme ukikatika unapoteza mechi ile tu, ukirudi unaendelea. Kasoro ipo, mwenye kasi anapata mechi nyingi kuliko anayefikiri taratibu, lakini nani atalia kwamba amecheza sana?

Wazee wa bao na drafti hapa Kaloleni hawahitaji kufundishwa hili. Kijiweni aliyefungwa anapisha, anakaa kwenye benchi, zamu yake inarudi. Sijawahi kuona mtu anaambiwa nenda nyumbani kwa sababu umefungwa mara moja.

Tena kuna wanaokariri mianzo ya mechi ya YouTube hatua kumi na tano, ukiwapa Chess960 aliyoitangaza Bobby Fischer mwaka 1996, ambapo vipande vya nyuma vinapangwa kwa bahati katika namna 960, wanaanza kufikiri kuanzia hatua ya kwanza. Tumeomba raundi moja tu ya hiyo. Kimya.

Ninachokitaka kuliko vyote ni Arusha dhidi ya Moshi. Kilomita kama 80 tu kati yetu, kwenye kundi tunatambiana kila siku, lakini hatujawahi kucheza mji kwa mji. Mwaka 1923 kule Scheveningen, Uholanzi, walikusanya wenyeji kumi na wageni kumi, kila mwenyeji akacheza na kila mgeni. Sisi tuchukue nane kwa nane. Zinakuwa mechi 64, raundi nane, raundi mbili kila Jumanne usiku, wiki nne zimetosha. Hata ukifungwa zote nane, ile sare moja ya mwenzako inahesabika kwa mji wako, na wewe una sababu ya kurudi Jumanne. Umeme ukikatika Njiro au Pasua, mji umepoteza pointi moja kati ya 64. Hapo ndipo mchezo unaamua.

7,000 yangu hamuipati kwa mtoano. Jumamosi hii saa 2 usiku nafungua Arena mwenyewe, dakika 90, bila kiingilio, kiungo nitakiweka hapahapa. Na timu ya Arusha tumeshafika watano. Watu wa Moshi, nani anakusanya nane wenu?