Minnesota: nyanya na managu zitoke nje lini? Tarehe za sakitu zinanichanganya

MamaManagu
Habari zenu wakulima. Tumehamia Brooklyn Park hapa Minnesota kutoka Houston kule kusini na mwaka huu nina kashamba nyuma ya nyumba, nataka sukuma, managu (mnavu), terere (mchicha), kunde, nyanya, dania na vitunguu. Sasa mtandaoni naona sakitu (baridi ya kugandisha majani) ya mwisho ni mwisho wa Aprili, jirani yangu mzee wa hapahapa anasema nisithubutu kutoa nyanya mpaka Memorial Day, ile Jumatatu ya mwisho ya Mei, yaani karibu mwezi mzima tofauti, nimfuate nani? Na huku msimu mfupi, nikichelewa si ndo managu nitachuma mara mbili tu baridi imerudi? Mbegu za vitunguu ninazo zilibaki za Houston. Naombeni mpango jamani.

shamba_la_kaskazini
Karibu sana dada. Hawapingani hao. Ile tarehe ya mtandaoni mara nyingi ni ya nusu kwa nusu, wamechukua rekodi za miaka 30 (sasa hivi ni 1991 hadi 2020) wakatafuta siku ambayo nusu ya miaka hiyo sakitu ilikuja tena baada yake, kwa hiyo ukitoa nyanya siku hiyo unarusha shilingi. Tafuta jedwali linaloonyesha asilimia 10, yaani siku ambayo sakitu ilikuja tena baada yake mwaka mmoja tu kati ya kumi, hapo unasogea mpaka Mei imeshaingia vizuri. Halafu angalia kipimo ni cha wapi, cha uwanja wa ndege kiko karibu na jiji, lami na majengo yanatunza joto, nyie wa pembeni mnapoa zaidi, na kama kashamba kako bondeni ndo kabisa maana hewa baridi ni nzito, inateremka inatuama hapo. Kitu kingine watu hawajui, kipimajoto kinakaa kama futi 5 juu ya ardhi, kwa hiyo simu ikikwambia 36 za Fahrenheit na usiku hauna mawingu wala upepo, majani ya chini yanaweza kuwa yameshafika 32, hapo ndo maji yanaganda.

Ila usipange shamba lote kwa tarehe moja!! Sukuma, spinachi na dania haziogopi sakitu nyepesi, hizo anza Aprili udongo ukishaacha kuganda na usiwe tope, ukiubonyeza mkononi umeguke. Dania tena ukiichelewesha joto la Juni linaifanya itoe maua haraka. Nyanya na managu sia ndani chini ya taa wiki 6 hadi 8 kabla ya kuzitoa nje, yaani mwisho wa Machi hivi, na kabla ya kuhamisha uzizoeshe nje wiki nzima, siku ya kwanza saa moja kivulini kisha unaongeza, maana miche ya ndani jua na upepo vinaiunguza hata bila baridi. Terere na kunde panda moja kwa moja ila subiri udongo upate joto, Fahrenheit 60 na kuendelea, kunde kwenye udongo baridi inaoza tu.

mchicha_kila_siku
Mkuu kamaliza, mi naongezea vitunguu. Dada hizo mbegu za Houston soma pakiti kwanza, kama ni aina ya mchana mfupi usizitegemee, huku Juni jua linakaa zaidi ya saa 15 kwa hiyo kitunguu kinaanza kuvimba mmea ukiwa bado mdogo unapata vidude kama marumaru. Nunua za mchana mrefu. Kunde za nyumbani nazo baadhi zinasubiri siku zipungue ndo zitoe maua, kwa mboga ya majani ni safi kabisa ila maharage yake usiyahesabu. Na vitunguu saumu unapanda Oktoba, unafunika na nyasi kavu, unavuna Julai.

MamaManagu
Asanteni mno, Mungu awabariki. Basi managu na nyanya nangoja wiki ya tatu ya Mei. Na ile sakitu ya kurudi vuli, kabla ya majira ya baridi, je, nifanyaje nisipoteze zote usiku mmoja?

shamba_la_kaskazini
Kuanzia mwisho wa Septemba angalia utabiri kila jioni. Funika na mashuka ya zamani KABLA jua halijazama ili joto la udongo libaki ndani, shuka lifike chini kabisa, asubuhi toa. Nailoni ikigusa majani inaunguza palepale inapogusa, weka vijiti viishikilie. Nyanya zilizokomaa hata zikiwa kijani chuma ziingize ndani zitaiva. Sukuma iache tu, baridi ikiipiga kidogo inakuwa tamu, mi huwa nachuma mpaka Novemba.

mchicha_kila_siku
Na managu acha mche mmoja matunda yaive yawe meusi, kamua mbegu uoshe ukaushe uweke za mwakani, maana huku kuzipata dukani ni kazi. Ukikosa za kuanzia nitumie ujumbe nina za ziada.