Majirani wa Coralville: nani atalinda upande wa kushoto?

*Jumatatu jioni, Agosti 2025*

Mama Riziki: Habari za jioni majirani. Wapenzi wa mpira wa yai, ule futiboli wa Kimarekani, nisaidieni. Kocha wa shule amempa Riziki karatasi niweke sahihi, msimu huu anamtaka acheze "laini". Mtoto amenuna tangu alipotoka shule. Anasema huko mpira hugusi. Sasa mtu anachezaje mpira bila kuugusa?

Kaka Juma: 😂😂 Pole mama. Amepewa uaskari wa geti.

Papa Zawadi: Juma acha kumvunja moyo mama wa watu. Mama Riziki, hongera sana. Hiyo ni heshima, na hapa Iowa ndiyo heshima kubwa kuliko zote.

Koko Mapendo: Samahani wanangu, nani ana sombe (kisamvu) iliyokwisha kutwangwa? Ile ya dukani wameiongeza bei tena.

Papa Zawadi: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

Mama Riziki: Papa Zawadi niko kazini, sauti siwezi kusikiliza. Andika.

Papa Zawadi: Sawa mama. Wachezaji wa ushambuliaji ni kumi na mmoja. Watano kati yao ndio laini: senta katikati, gadi wawili kushoto na kulia kwake, halafu teko wawili pembeni. Hao hawaruhusiwi kudaka pasi. Kazi yao ni mbili tu. Kotabeki, yule mrusha mpira, akitaka kurusha, wamzuie adui asimfikie. Mkimbiaji akipewa mpira, wamfungulie njia. Wakishindwa hao watano, uwe na nyota gani huko nyuma, hakuna kitu utafanya.

Kaka Juma: Mwambie pia wakifanya vizuri hakuna anayewataja, ila wakikosea refa anataja namba yao uwanja mzima 😂 Kumshika mtu jezi yadi 10 zimekwenda. Kushtuka kabla mpira haujatoka, yadi 5.

Mama Riziki: Mbona hiyo kazi inafanana na ya akina mama.

Koko Mapendo: 👏🏾👏🏾👏🏾

Papa Zawadi: Mama sikiliza kwa nini nimesema Iowa. Kirk Ferentz yuko hapa Chuo Kikuu cha Iowa kama kocha mkuu tangu 1999. Kabla ya hapo, miaka ya 1981 hadi 1989, alikuwa hapahapa kama kocha wa laini chini ya kocha Hayden Fry. Yaani huyu mzee laini ndiyo lugha yake. Tena kuna tuzo ya laini bora ya vyuo nchi nzima, inaitwa Joe Moore. Huyo Joe Moore ndiye aliyemfundisha Ferentz mpira sekondari kule Pittsburgh. Iowa waliibeba 2016.

Kaka Juma: "Waliibeba" kwa kusema tu. Lile sanamu lina kilo zaidi ya mia tatu.

Papa Zawadi: Ndiyo maana wanapewa watu wa laini 😎

Mwalimu (Kigoma): Jioni njema. Mimi mtu wa soka, nivumilieni. Hawa watano unawapimaje? Mshambuliaji ana mabao, kipa ana mechi alizomaliza bila kufungwa. Laini ina nini?

Papa Zawadi: Swali zuri Mwalimu. Ina takwimu za wenzake. Mwaka jana mkimbiaji wetu Kaleb Johnson alikimbia yadi 1,537, tachidauni (ndiyo mabao yetu) 21 za kukimbia. Steelers wa NFL, ligi ya kulipwa, wakamchukua raundi ya tatu ya uchaguzi. Rudia video zake uangalie anapoanzia. Mara nyingi anagusa ukuta wa adui ameshafika yadi ya tatu au ya nne, hajaguswa na mtu. Nani alimfungulia?

Kaka Juma: Haya, mwalimu wetu wa laini, sasa tuongee ukweli. Kaleb ameondoka. Mason Richman, teko wa kushoto, ameondoka, yuko Seahawks. Connor Colby, gadi wa kulia, yuko 49ers. Hao wawili wameanza mechi tangu 2021. Miaka minne! Leo unaniambia laini iko salama?

Papa Zawadi: Sijasema iko salama. Nimesema ina mgongo. Logan Jones amerudi pale senta, anaanza tangu 2022. Beau Stephens gadi wa kushoto amerudi. Gennings Dunker teko wa kulia amerudi. Jones na Dunker wangeweza kwenda NFL mwaka huu, wamekataa.

Riziki: dunker ndo yule mwenye nywele nyekundu ndefu nyuma 🔥 mama nikicheza laini niache nywele kama zake?

Mama Riziki: Riziki toka kwenye simu ukaoshe vyombo. Na nywele hizo, hata siku moja.

Mwalimu (Kigoma): Juma ana hoja lakini. Watatu kati ya watano wana uzoefu, wawili wapya. Wapya wako wapi?

Papa Zawadi: Teko wa kushoto anatajwa zaidi Trevor Lauck, kijana wa Indianapolis. Gadi wa kulia anatajwa Kade Pieper wa Nebraska. Na wamemleta Bryce George kutoka Ferris State, chuo cha daraja la pili, awe wa akiba.

Kaka Juma: Basi hapo ndipo roho yangu inapokataa. Gadi mpya nitamvumilia, anakaa katikati ya Jones na Dunker, wakubwa wake wawili watamfunika. Lakini teko wa kushoto yuko peke yake pembeni! Na kotabeki anarusha kwa mkono wa kulia, kwa hiyo upande wa kushoto anaupa mgongo. Anayetoka huko hamuoni kabisa. Na kotabeki mwenyewe ni mgeni, Mark Gronowski, ametoka South Dakota State, alipasuliwa bega baada ya msimu, hakufanya mazoezi kamili wakati wa machipuko.

Papa Zawadi: Mgeni mwenye ubingwa mara mbili, 2022 na 2023.

Kaka Juma: Ubingwa wa daraja la chini ya hili letu. Nampenda, usinielewe vibaya. Ndiyo maana sitaki avunjwe lile bega.

Mama Riziki: Avunjwe??? Riziki anacheza mchezo gani huu jamani

Papa Zawadi: Juma unaona sasa 🤦🏾‍♂️ Mama, watu wa laini ndio wanaozuia hayo.

Mama Riziki: Na wao nani anawazuia?

*(Hakuna aliyejibu kwa muda.)*

Koko Mapendo: Mama Riziki ameuliza swali.

Mwalimu (Kigoma): Kwa kweli wanaumia pia, mama, magoti hasa, tusidanganyane. Shuleni muulize kocha kama kuna mtaalamu wa majeraha anayekaa uwanjani siku za mazoezi, si siku za mechi tu.

Mama Riziki: Asante Mwalimu. Hilo nitaliuliza kabla ya sahihi.

Kaka Juma: Nirudi kwenye hoja, maana mmenikatiza. Papa Zawadi, 2023 mbele walikuwa nani? Richman, Colby, Jones, Dunker. Haohao. Na ushambuliaji wa Iowa ulikuwa wa mwisho nchi nzima. Wa mwisho! Pointi 15 na ushee kwa mechi. Mechi 10 tulizoshinda zililetwa na ulinzi na yule Mwaustralia wa kupiga mpira juu, Tory Taylor. Ikiwa laini ndiyo kila kitu, ilikuwa wapi?

Papa Zawadi: Mwaka ule kotabeki wetu McNamara aliumia goti Septemba, tukabaki na kotabeki ambaye akirusha unafumba macho. Adui akajua hamna pasi, akajaza watu wanane pale mbele. Watano wanazuiaje wanane? Mwaka uliofuata akaja Tim Lester, kocha wa ushambuliaji, akaupanga upya, wachezaji walewale tena wamekomaa, ukaona tofauti.

Kaka Juma: Kwa hiyo umekubali laini peke yake haitoshi.

Papa Zawadi: Nimekubali laini bila kotabeki haitoshi. Kotabeki bila laini haanzi hata kuongea.

Mwalimu (Kigoma): Hapo mmepatana, ila hamtaki kukiri 😄

Riziki: nimemaliza vyombo

Riziki: 🎥 Video (0:14)

Papa Zawadi: Hapo ni parkingi ya jengo C? Nani huyo anayesukumwa, Zawadi wangu?

Riziki: ndio papa alijitolea

Papa Zawadi: Sawa nimeangalia. Mkono wa kulia chini vizuri, mgongo bapa vizuri. Kosa moja: ukianza unasimama kwanza, ndipo unasonga. Ukisimama kifua chako kiko wazi, Zawadi ana kilo arobaini amekusogeza. Hatua ya kwanza iwe fupi, kama upana wa kiganja, na mguu uwe wa upande ule mchezo unakoelekea. Kama mchezo unaenda kulia, mguu wa kulia kwanza. Mikono iingie ndani, kwenye kifua chake, vidole gumba juu. Ukishika nje ya mabega refa anakuona. Halafu usilazimishe aende unakotaka wewe. Akitaka kwenda kulia, msindikize kulia mpaka atoke uwanjani! Mkimbiaji nyuma yako ataona pengo na kukata ndani. Hivyo ndivyo Iowa wanavyocheza, wote watano wanapiga hatua moja, upande mmoja, wakati mmoja. Mmoja akichelewa nusu sekunde pengo linafungwa.

Riziki: 😮 kocha alisema hivohivo ila kwa kiingereza cha haraka sikuelewa

Riziki: 🎥 Video (0:11)

Kaka Juma: Heee! Zawadi ameruka mpaka kwenye majani 😂😂😂

Papa Zawadi: Umeona! Zawadi rudi nyumbani sasa, mama yako ameniita.

Mama Riziki: Nimeiona video nikiwa mapumzikoni. Amefurahi eh? Tangu wiki iliyopita sijamuona anacheka hivyo.

Mama Riziki: Lakini kocha ameandika pia majira ya baridi acheze mieleka. Mieleka tena ya nini?

Papa Zawadi: Mama, hapo ndipo nimejua huyo kocha anaijua kazi. Tristan Wirfs, kijana wa Mount Vernon hapo juu, si mbali na sisi, alilelewa na mama peke yake. Alikuwa bingwa wa mieleka wa jimbo, tufe anarusha, kisahani anarusha. Akaja Iowa kucheza teko, 2020 akachaguliwa wa 13 NFL. Na kuna mtu alimshinda kwenye mieleka wakiwa sekondari: Tyler Linderbaum. Huyo naye akaja Iowa, wakamtoa ulinzi wakamfanya senta, 2021 akapewa tuzo ya Rimington ya senta bora nchini, kisha akachukuliwa na Ravens wa NFL. Mieleka inakufundisha kuwa chini, na kuhisi mtu anaegemea wapi kabla hajasogea.

Kaka Juma: Na Logan Jones naye alikuwa mtu wa ulinzi, wakamgeuza senta. Hapo nampa Ferentz heshima yake, anaona senta ambapo wengine wanaona mnene tu.

Mama Riziki: Huko chuoni wanalipwa?

Mwalimu (Kigoma): Zamani ilikuwa ada na chakula. Kuanzia 1 Julai mwaka huu vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kila chuo hadi dola milioni 20.5 hivi kwa mwaka, wagawane michezo yote. Lakini mama, Riziki yuko darasa la tisa. Kwanza aipite algebra.

Riziki: mwalimu 😭

Koko Mapendo: Sombe bado sijajibiwa.

Kaka Juma: Koko nitakuletea kesho, wife ana mifuko miwili kwenye friza. Nikitoka zamu ya asubuhi napita.

Koko Mapendo: Mungu akubariki mwanangu. Na ndakala kidogo, vile vidagaa, kama wako.

Mwalimu (Kigoma): Mechi ya kwanza lini, nije kuangalia huo upande wa kushoto?

Papa Zawadi: Jumamosi 30 Agosti, Albany wanakuja uwanjani kwetu Kinnick. Ferentz ana ushindi 204 hapa Iowa, Woody Hayes, kocha wa zamani wa Ohio State, alikuwa na 205. Akishinda hiyo amemfikia. Nyumbani kwangu, TV kubwa ipo, kila mtu aje na kinywaji chake. Na robo ya kwanza ikiisha mnyamaze kidogo, uwanja mzima unapungia mikono watoto waliolazwa hospitali ile inayotazamana na uwanja. Mama Zawadi hulia kila mara.

Kaka Juma: Albany hawatatufundisha lolote. Lauck atapimwa wiki inayofuata, 6 Septemba, Ames, kwa Iowa State. Mwaka jana walitufunga hapahapa nyumbani 20 kwa 19. Kule kelele, senta anaita na teko wa pembeni hasikii, anabaki kuangalia mpira unavyoondoka. Ndipo utamjua mtu.

Papa Zawadi: Hapo nakubaliana na wewe asilimia mia. Jones akiweza kuwaweka pamoja kwenye kelele zile, mpaka Oregon wakija Novemba tutakuwa na laini ya kutisha.

Kaka Juma: Na asipoweza?

Papa Zawadi: Gronowski akiangushwa mara mbili kutokea upande wa kushoto kule Ames, ndakala za Koko nanunua mimi, mfuko mzima.

Koko Mapendo: Basi mimi niko na Iowa State 🙏🏾

Mama Riziki: 😂😂 Koko!

Mwalimu (Kigoma): Nani atahesabu? Ninyi wawili siwaamini.

Riziki: mimi nitahesabu, nitamuangalia lauck tu mechi yote