Naomba ushauri: nibaki Maskati au nikaanze upya Ujerumani?

Fundi Baridi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nina jambo linaloninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Mimi ni kijana wa Tanga, miaka 27, fundi wa viyoyozi hapa Maskati, Oman, mwaka wa nne. Mshahara rial 180. Ni kama dola 468, maana rial 1 ni dola 2.6 na haiyumbi. Kodi ya mshahara hakuna, na hiyo iliyotangazwa kuanza 2028 ni ya wanaopata zaidi ya rial 42,000 kwa mwaka, hainihusu. Nyumba ni ya kampuni, tunalala watu 6 chumba kimoja. Chakula na vocha rial 50, akiba 20, na 110 natuma nyumbani kila mwezi. Hizo ndizo ada ya mdogo wangu wa kidato cha tano na dawa za presha za mama.

Miezi 14 nimesoma Kijerumani usiku kwenye simu, na nilipokwenda likizo nikafanya mtihani wa B1 (ngazi ya kati ya lugha) Dar, nikafaulu. Sasa kampuni moja ya Erfurt imenipa mkataba wa Ausbildung, yale mafunzo ya kazini pamoja na shule, ufundi wa majokofu na viyoyozi. Miaka 3 na nusu, yuro 1,100 kwa mwezi kabla ya makato.

Kinachonisukuma ni hiki. Pasipoti yangu iko kwenye droo ya kafili, yaani mwajiri anayenidhamini, tangu wiki niliyofika. Mwaka jana baba mdogo aliyenilea alifariki. Nikaomba pasi, nikaambiwa meneja kasafiri. Nikaipata siku ya 5. Nafika Tanga, hitima imeshasomwa, majamvi yamekunjwa, mama kakaa peke yake barazani. Sijaisahau sura yake.

Kinachonirudisha ni hesabu, na pia maisha yenyewe. Hapa Ijumaa ni mapumziko, adhana naisikia nikiwa juu ya paa, na fundi mwenzangu Mwomani tunaongea Kiswahili kwa sababu mama yake kazaliwa Unguja. Nishaurini.

Mkaaji wa Bochum

Mkuu, nipo huku Ujerumani mwaka wa sita na nilipitia njia hiyo hiyo, fani tofauti tu. Nikupe hesabu bila kuipamba.

Kwenye 1,100 utakatwa pensheni asilimia 9.3, bima ya afya, ya kukosa kazi na ya matunzo ya uzeeni. Kodi ya mapato kwa kiwango hicho hutalipa. Mkononi utabaki na 860 hivi. Mimi chumba nalipa 380 pamoja na joto, na Erfurt huenda ukapata pungufu kidogo. Chakula 200 ukipika mwenyewe. Tiketi ya treni na mabasi ya mikoani nchi nzima ni 63. Weka simu, weka koti la baridi la mwaka wa kwanza. Ukijibana sana utatuma 120, na miezi mingine hutatuma kitu. Watakwambia visa inaruhusu kazi ya ziada ya saa 20 kwa wiki. Ni kweli, ila sheria ya saa za kazi inaweka kikomo cha 48 kwa wiki, na mafunzo yenyewe yanakula karibu 40. Zinabaki kama 8. Usije ukamwahidi mama hela ambazo hazipo.

Upande wa pili sasa. Pasi yangu iko sandukuni kwangu. Mwaka wa pili bosi alitaka kunirefushia zamu bila malipo, nikaenda chama cha wafanyakazi, barua moja tu ikatosha, na kesho yake tulisalimiana kama kawaida. Ukimaliza mafunzo ukafanya kazi ya fani yako miaka 2, unaomba ukaazi wa kudumu na pasi yako ya Tanzania unabaki nayo.

Bi Mkubwa wa Seeb

Mwanangu, pole na msiba. Mimi nimezaliwa Unguja, nikaletwa huku mdogo na wazee wangu miaka ya sabini, kwa hiyo nasema kama mwenyeji.

Kukushikia pasi si haki hata kwa sheria ya hapa. Andika barua, weka tarehe, baki na nakala. Akikataa, nenda Wizara ya Kazi, usiogope. Ile barua ya kafili ya kutokuwa na pingamizi imeondolewa tangu Januari 2021, mkataba ukimalizika wahamia kwa mwajiri mwengine. Wengi hawajui, wanakaa na manung'uniko miaka.

Na usiondoke ukaacha haki yako. Sheria ya kazi ya 2023 yakupa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa mwezi 1 kwa kila mwaka uliofanya. Tazama mkataba wako: msingi ni ngapi na posho ni ngapi, maana hapo ndipo watu wanapopunjwa.

Lakini na mimi nikuulize. Huko ukiugua usiku, nani atakugongea mlango na uji?

Wa Kisauni

Ndugu yangu, mimi nasema bakia hapo. Kakangu yuko Dresden. Uchaguzi wa Februari 2025 kile chama kinachopinga wageni, AfD, kilipata asilimia 20.8 nchi nzima, na mashariki kiliongoza majimbo yote ukiitoa Berlin. Erfurt ni huko huko. Kakangu kwenye tramu akiongea na simu kwa Kiswahili, watu wanamgeukia. Uhuru wa kwenye karatasi ni kitu kingine.

Mkaaji wa Bochum

Wa Kisauni, hilo silipingi, nimetukanwa kituoni mbele ya watu. Tofauti ni kwamba nilikwenda polisi kushtaki na wakaandika maelezo, na Jumamosi iliyofuata tuliandamana mjini maelfu kwa maelfu, Wajerumani wengi kuliko sisi. Oman vyama vya siasa havipo, na maandamano kama yale hamthubutu. Kwa fundi, uhuru wa kusema "hapana" kwa bosi ni sehemu ya mshahara.

Bi Mkubwa kauliza la maana, shikamoo bibi. Mwaka wangu wa kwanza niliugua homa siku 4 na hakuna aliyegonga mlango. Kwa hiyo mkuu, kabla hujapanga chumba, tafuta msikiti na Waswahili wa Erfurt kwanza. Na swala ya Ijumaa izungumze na bosi mapema kabisa, kwani huko Ijumaa ni siku ya kazi.

Fundi Baridi (mleta uzi)

Nimewasoma wote, asanteni sana. Bi Mkubwa, shikamoo. Nimetazama mkataba: msingi ni rial 120, 60 ni posho. Kwa miaka minne ni 480. Mimi nilikuwa nahesabu 720.

Wa Kisauni, nimeyachukua maneno yako. Ila leo saa 6 mchana tulikuwa juu ya paa tunabadilisha kompresa, bati linachoma hadi kwenye soli, bisibisi naishika kwa kitambaa. Sheria inasema Juni hadi Agosti kazi ya juani isimame 6:30 mpaka 9:30. Msimamizi alisema mteja anasubiri. Tukaendelea hadi saa 8, hakuna aliyefungua mdomo, na mimi nikiwemo.

Usiku nimempigia mama, nimemsomea hesabu ya Bochum neno kwa neno. Akanyamaza, halafu akaniuliza: huko pasi yako ataishika nani? Nikamwambia mimi mwenyewe. Akasema ada ya mdogo wako ya mwaka wa kwanza tutauza lile shamba dogo la minazi la Pongwe, ya pili Mungu anajua.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, nasubiri uishe ili kiinua mgongo kisipotee. Barua ya kuomba pasi nimeipeleka jioni hii kwa mkono. Ameisoma, kaiweka mezani, kasema njoo Jumapili. Nakala ninayo, imegongwa muhuri wa ofisi. Miadi yangu ya visa ubalozini ni Alhamisi.